Kilomita 347, Dakika 80: Hesabu ya Safari ya London hadi Paris

Kati ya London na Paris kuna kilomita 344, zikipimwa kwa mstari mnyoofu kutoka katikati ya jiji moja hadi katikati ya jingine. Lakini ndege haiondokei katikati ya jiji. Kipimo kinachomhusu msafiri ni cha kutoka Heathrow, magharibi mwa London, hadi Charles de Gaulle, kaskazini mashariki mwa Paris.

Kipimo hicho hupatikana kwa penseli na karatasi. Heathrow iko nyuzi 51.47 kaskazini na 0.45 magharibi, Charles de Gaulle iko nyuzi 49.01 kaskazini na 2.55 mashariki. Latitudo zinapishana kwa nyuzi 2.46, na kila nyuzi ni kilomita 111.2, yaani kilomita 273.6. Longitudo zinapishana kwa nyuzi 3, na hapa ndipo wengi hukosea. Mistari ya longitudo hukaribiana kadiri inavyosogelea ncha ya dunia, hivyo kwenye latitudo ya 50 nyuzi moja ina kilomita 71 tu. Hizo ni kilomita 213. Kanuni ya Pythagoras ikizichukua pande hizo mbili inatoa karibu kilomita 347. Kwa safari ndefu kama ya Lisbon hadi Helsinki njia hii haifai, kwa kuwa uviringo wa dunia hauwezi kupuuzwa tena. Hapo hutumika kanuni ya duara kuu.

Jeti inayokwenda kilomita 800 kwa saa ingeimaliza safari hii kwa dakika 26. Hata hivyo, ratiba huandika saa 1 na dakika 15 hadi 20, kwa sababu muda wa ratiba huanza ndege inapoondoka kwenye maegesho, si magurudumu yanapoacha ardhi. Heathrow ina njia mbili tu za kurukia, na foleni ni jambo la kila siku. Upepo wa huko huvuma zaidi kutoka magharibi, na ndege huruka ikiukabili. Basi mara nyingi huanza safari kwa kuipa Paris mgongo, kisha hugeuka. Chini ya futi 10,000 mwendo kwa kawaida huzuiwa usizidi kilomita 460 hivi kwa saa. Ndege haikai sana juu kabla ya kuanza kushuka. Inaporudi London, huenda ikazungushwa angani katika mojawapo ya maeneo manne ya kusubiria zamu ya kutua.

Tarehe 25 Agosti 1919 ndege ya DH.4A iliondoka Hounslow Heath, jirani na Heathrow ya leo, ikiwa na abiria mmoja, magazeti na krimu ya maziwa. Ilifika Le Bourget, jirani na Paris, baada ya takriban saa mbili na nusu. Jeti ina kasi karibu mara sita ya mwendo ule, lakini muda wa ratiba umepungua kwa nusu tu, na hili ndilo linalostaajabisha zaidi katika hesabu yote.

Tiketi nayo ina mtego wake, kwani Paris iko saa moja mbele ya London. Ndege inayoondoka London saa 4:00 asubuhi huandikwa kufika saa 6:20 mchana. Inayoondoka Paris saa 4:00 asubuhi huandikwa kufika saa 4:20. Anayetaka muda halisi hutoa saa moja kwenye safari ya kwenda, na huiongeza kwenye ya kurudi.