Kipakatalishi Chembamba na Bisibisi ya Fundi

Kila chombo kifanywacho na mikono ya mwanadamu huhukumiwa kwa mambo mawili, sura yake na utumishi wake. Mtungi mzuri uvujao ni pambo tu. Mtungi mzito usiobebeka ni adha. Mhakiki wa shairi hutazama vina na mizani, kisha huuliza maana. Naye mhakiki wa chombo hana budi kutazama umbo, kisha aulize umbo hilo litamtumikia nani, na kwa muda gani. Katika insha hii, msomaji, nataka tukihakiki kipakatalishi, kile ambacho watu sokoni hukiita laptopu, kwa kipimo hicho hicho. Huenda ukaona kwamba si kazi ya mwalimu wa lugha kusema juu ya mashine. Lakini chombo ambacho wanafunzi huandikia insha zao na kutafutia maarifa yao kimekwisha kuwa jirani wa kalamu, na kalamu haijapata kuwa ngeni kwa mwalimu wa lugha.

Mwezi wa Januari mwaka 2008, mjini San Francisco, marehemu Steve Jobs wa kampuni ya Apple alisimama mbele ya hadhara akachomoa kipakatalishi kutoka katika bahasha ya karatasi, bahasha ya kawaida itumiwayo ofisini. Kiliitwa MacBook Air. Uzito wake ulikuwa kilo 1.36, na hata pale palipokuwa panene zaidi hapakufika sentimita 2. Watu walishangilia, na walikuwa na haki ya kushangilia, kwa maana wengi wao walizoea vyombo vilivyokata bega la msafiri. Lakini kila kilichopunguzwa kilitolewa mahali. Sehemu ya kutilia sahani za CD iliondolewa. Betri, ambayo katika vipakatalishi vingi vya wakati ule ilichomolewa kwa kusukuma kitasa, ilifichwa ndani. Kumbukumbu, ile ambayo mafundi huiita RAM, ililehemiwa juu ya bodi; aliyeinunua mashine yenye gigabaiti 2 alibaki na gigabaiti 2 mpaka mwisho wa maisha ya chombo.

Miaka iliyofuata iliendeleza mtindo huo. Mwaka 2012 ilitoka MacBook Pro mpya yenye kioo cha kupendeza mno, na ndani yake kumbukumbu ililehemiwa na betri iligandishwa kwa gundi. Kampuni ya iFixit ya California, ambayo kazi yake ni kuvifungua vyombo na kupima jinsi vinavyotengenezeka, iliipa alama 1 katika 10. Mwaka 2015 kilikuja kipakatalishi chenye uzito wa gramu 920 na unene wa milimita 13.1. Ili kufikia kipimo hicho, hata vibonye vya kibodi vilifanywa vyembamba kwa mtambo wa namna mpya. Punje ya vumbi ikaweza kukizuia kibonye kisiandike, au kiandike herufi moja mara mbili. Tena kibodi ile ilikuwa imeunganishwa na kifuniko cha juu, hata kibodi ikifa ilikuwa lazima vibadilishwe pamoja. Mwaka 2018 Apple ilianza kuzitengeneza kibodi hizo bila malipo. Kati ya mwaka 2019 na 2020 ikaiacha namna ile kabisa. Na mwaka 2022 ilikubali kulipa dola milioni 50 kumaliza kesi ya wateja, pasipo kukiri kosa. Wahenga walisema, kipya kinyemi kingawa kidonda.

Wala usidhani kwamba kampuni moja tu ndiyo iliyofuata njia hii. ThinkPad T480 ya mwaka 2018, iliyotengenezwa na Lenovo, ilikuwa na unene wa karibu milimita 20. Ilikuwa na nafasi mbili za kumbukumbu, na betri yake ya nyuma iliweza kuchomolewa na kubadilishwa hata mashine ikiwa inafanya kazi, kwa kuwa betri ya pili ilikaa ndani. Mwaka uliofuata ikaja T490, nyembamba kidogo kuliko ile. Betri ya nje haikuwamo, na nafasi ya kumbukumbu ilibaki moja.

Haki yataka tuusikilize utetezi wa waundaji, maana mhakiki asikilizaye upande mmoja ni mshitaki. Wao husema kwamba kila tundu, kila kishikizo na kila parafujo huchukua nafasi, na nafasi hiyo yaweza kupewa betri kubwa zaidi. Husema pia kwamba kumbukumbu iliyolehemiwa karibu na kichakataji hula umeme kidogo na huenda mbio zaidi. Hayo si maneno matupu. Vipakatalishi vya Apple vilivyotoka Novemba mwaka 2020 viliweka kumbukumbu pamoja na kichakataji katika kifurushi kimoja, na vikaweza kufanya kazi mchana kutwa bila kutiwa umeme. Katika nyumba ambayo umeme hukatika mara kwa mara, hiyo si anasa. Na watumiaji wengi hawajapata hata siku moja kukifungua kifuniko cha chini cha mashine zao. Kwa nini basi wabebe uzito wa uwezo wasioutaka?

Hoja hii ina nguvu, lakini ina upungufu mmoja: humhesabu mtu mmoja tu, yule anunuaye chombo kikiwa kipya. Kipakatalishi hakiishi kwa bwana mmoja. Vingi huanza maisha yao katika ofisi za Ulaya au Marekani, hukaa huko miaka michache, kisha huuzwa na kusafirishwa. Pita Luthuli Avenue mjini Nairobi uone vilivyopangwa madukani, vimefutwa vumbi na kung'arishwa, vikimngoja bwana wa pili. Huyo bwana wa pili aweza kuwa mwanafunzi wa chuo cha ualimu aliyeweka akiba muda mrefu. Programu za leo ni nzito kuliko zilizokuwapo mashine ilipoundwa, na betri imechoka. Ikiwa mashine ni T480, fundi atachukua bisibisi, ataongeza kumbukumbu, atabadilisha betri, na chombo kitafufuka kabla ya chai ya saa nne kupoa. Ikiwa kumbukumbu imelehemiwa na betri imegandishwa kwa gundi, fundi yule yule, kwa ustadi ule ule, atatikisa kichwa. Wembamba ulimfurahisha bwana wa kwanza. Gharama yake imelipwa na wa pili, ambaye hakuulizwa.

Na akishindwa wa pili, chombo huenda jalalani. Taarifa ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2024 ilieleza kwamba mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za vyombo vya umeme, na kwamba chini ya robo yake ndiyo iliyothibitika kukusanywa na kuchakatwa ipasavyo. Wahenga walisema kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Katika chombo kisichofunguka, kuvunjika kwa koleo ndiko mwisho wa uhunzi wenyewe.

Sasa tuulize swali ambalo ndilo kiini cha uhakiki huu: je, uzuri na ufunguzi ni maadui wa lazima? Mwaka 2021 kampuni changa ya Framework, ya San Francisco pia, ilitoa kipakatalishi chenye uzito wa kilo 1.3 na unene wa milimita 15.85. Kumbukumbu, diski, betri, kibodi, kioo, hata bodi yenyewe, vyote hubadilishwa na mwenyewe kwa bisibisi iliyotiwa katika sanduku moja na mashine. iFixit iliipa alama 10 katika 10. Linganisha na MacBook Air ya mwaka 2020: kilo 1.29, na milimita 16.1 mahali penye unene zaidi. Ni kweli kwamba Air huchongoka mbele kama ukingo wa panga, haina feni, na betri yake hudumu zaidi. Lakini aliyesema kwamba mashine nyembamba haiwezi kufunguliwa amekwisha kujibiwa na rula.

Hata hivyo tusimfanye Framework malaika. Mwaka 2025 kampuni hiyo hiyo ilitangaza kompyuta ya mezani ambayo kumbukumbu yake imelehemiwa, kwa kuwa kichakataji kilichochaguliwa kilihitaji mwendo ambao kumbukumbu ya kuchomoa haikuumudu. Kwa hiyo kuna mahali ambapo maumbile ya umeme humlazimisha muundaji, na kuna mahali ambapo hujilazimisha mwenyewe. Na hata mipaka ya maumbile husogea: mwishoni mwa mwaka 2023 kilitolewa kipimo kipya cha pamoja cha kumbukumbu, kiitwacho CAMM2, ambacho ni chembamba na hufungwa kwa parafujo. Mwaka 2024 ThinkPad P1 ilikuwa imekwisha kukitumia.

Hukumu yangu basi ni hii. Kumbukumbu iliyolehemiwa yaweza kusamehewa pale ambapo faida yake hupimika kwa saa za betri na wepesi wa kazi. Betri iliyogandishwa kwa gundi haina udhuru, kwa maana kila betri itakufa, na muundaji alijua hivyo siku aliyoigandisha. Kibodi iliyofungamanishwa na kifuniko kizima haina udhuru pia, maana vidole huichakaza kila siku. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2023 imeliona jambo hili, nayo imeagiza kwamba tangu Februari mwaka 2027 betri za vyombo vya namna hii ziweze kuondolewa na mtumiaji mwenyewe. Vyombo vitakavyotii agizo hilo ndivyo vitakavyofika katika maduka yetu miaka michache baadaye.

Kwa hiyo, msomaji, siku utakapopata fedha za kununua kipakatalishi, kishike, kipime kwa mkono, ukifurahie umbo lake. Si dhambi kupenda kitu kizuri. Kisha kigeuze, utazame tumbo lake, na umwulize mwuzaji: betri hutokaje? Kumbukumbu yaweza kuongezwa? Kibodi ikifa, nitanunua nini? Akikosa jibu, mwendee fundi, maana yeye huviona vyombo vikiwa vimevuliwa nguo. Ukiambiwa kwamba kumbukumbu haiongezeki, nunua tangu mwanzo ile itakayokutosha miaka sita, si ile inayokutosha leo, na uhesabu gharama hiyo kuwa sehemu ya bei ya wembamba.