Anayeiona Shule na Anayeweza Kuifunga

Ukiingia Kiandutu mjini Thika, au ukishukia Githurai 45 upande wa Ruiru na kufuata vichochoro vya nyuma ya soko, hukosi kuona shule ya mabati. Langoni pamechorwa kitabu na penseli, madarasa yameorodheshwa kuanzia PP1 hadi Gredi ya 6, na chini yake pana nambari ya simu ya mwenye shule. Mzazi anayeulizia nafasi huambiwa karo, rangi ya sare na saa ya uji. Haambiwi mkaguzi alifika lini mara ya mwisho, wala aliandika nini alipotoka.

Sensa ya 2019 iliukuta mji wa Ruiru ukiwa na watu karibu 490,000 na Thika zaidi ya 250,000. Shule za serikali hazikuongezeka kwa kasi ya nyumba za kupangisha, na pengo likazibwa na makanisa, vikundi vya wazazi, watu binafsi na kampuni. Wizara ya Elimu inaziita shule hizi APBET, na mwongozo wake wa 2015 unazilegezea masharti: ploti ndogo inakubalika, na wakati wa kusajiliwa inatosha asilimia 30 ya walimu wawe wamesomea kazi hiyo, mradi wafike asilimia 50 baada ya miaka 3. Naunga mkono kulegeza huko. Mtaa ambao nyumba zimebanana hadi mlangoni hauwezi kudaiwa uwanja wa mpira. Ninachotaka kuchambua ni kinachofuata baada ya masharti kulegezwa. Shule ikienda mrama, nani hujua? Na akishajua, ana uwezo gani?

Kisa kinachojibu maswali haya vizuri kuliko vingine ni cha Bridge International Academies. Kampuni hii ilifungua shule yake ya kwanza Nairobi mwaka 2009 na baada ya miaka michache ilikuwa na shule zaidi ya 400 nchini. Mwalimu wa Bridge, ambaye mara nyingi alikuwa amemaliza shule ya upili tu, alisoma somo kutoka kwenye kishikwambi: aseme nini, aulize nini, afute ubao saa ngapi. Fedha zilitoka kwa wawekezaji wakubwa wa nje, pamoja na IFC, tawi la Benki ya Dunia linalowekeza katika kampuni binafsi. Kwa hiyo shule moja ya mabati ilikuwa na wasimamizi wa aina mbili. Mmoja alikuwa bodi ya elimu ya kaunti, mwendo wa bodaboda kutoka darasani. Mwingine alikuwa Washington.

Tuanze na wa karibu. Mwaka 2014 Bodi ya Elimu ya Kaunti ya Busia iliamua kuzifunga shule za Bridge katika kaunti hiyo, kwa hoja kwamba hazikufikia viwango vya walimu, majengo na usajili. Kampuni ilikwenda Mahakama Kuu. Uamuzi ulitoka Februari 2017: bodi ilikuwa na haki, shule 10 zifungwe. Uganda nako, Waziri wa Elimu Janet Museveni alitangaza mwaka 2016 kwamba shule 63 za kampuni hiyo zifungwe, na Mahakama Kuu ya Kampala ikaunga mkono mwezi Novemba mwaka huohuo.

Watetezi wa elimu ya umma walishangilia hukumu ya Busia. Mimi naitazama kalenda. Mtoto aliyekuwa darasa la nne bodi ilipoamua alikuwa ameingia la saba mahakama ilipomaliza. Katika kipindi hicho chote shule ilikuwa ama salama, na hivyo haikustahili kufungwa, ama hatari, na hivyo mtoto hakustahili kukaa humo hata muhula mmoja. Hapakuwa na njia nyepesi ya kati iliyotumika: kuondoa darasa moja, kusimamisha usajili wa wanafunzi wapya, kuweka msimamizi wa muda, au kuiamuru kampuni ibandike langoni orodha ya kasoro na tarehe ya kuzirekebisha.

Nasema “iliyotumika” kwa makusudi, kwa sababu kwenye karatasi nguvu zipo. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inamruhusu afisa wa kudhibiti ubora na viwango kuingia katika shule yoyote, kwa taarifa au bila taarifa, kudai ratiba, mitaala na kumbukumbu, na kwa idhini ya wakubwa wake kusimamisha shughuli za shule kwa muda. Tatizo ni kile ambacho jicho lake linaruhusiwa kuona. Chukua ploti moja ya Makongeni, Thika, yenye watoto wa PP1 hadi Gredi ya 6. Vyumba viwili vya mbele, vya watoto wadogo, ni jukumu la serikali ya Kaunti ya Kiambu, kwa kuwa Katiba iliiachia kaunti elimu ya chekechea. Vyumba vya nyuma ni vya serikali kuu, kupitia bodi ya elimu ambayo, licha ya kuitwa ya kaunti, haiko chini ya gavana. Choo na jikoni ni vya afisa wa afya ya umma, ambaye ni wa kaunti. Walimu ni wa Tume ya Huduma za Walimu, TSC. Watahiniwa ni wa Baraza la Mitihani, KNEC. Kila mmoja ana faili yake. Aliyeona ufa kwenye ukuta anaweza asimwambie aliyekuja kuhesabu walimu.

Matokeo ya kugawanya macho namna hii tuliyaona Septemba 23, 2019, pale darasa la ghorofa katika shule ya Precious Talent, Ng'ando, Dagoretti, lilipoporomoka asubuhi na kuua watoto 8. Shule ilikuwa ikijulikana. Watoto walikuwa wakihesabiwa. Baada ya msiba ndipo serikali ilipotoka kukagua na kufunga shule nyingine. Septemba 2024 moto uliua wavulana 21 katika bweni la Hillside Endarasha Academy, Nyeri, na wizara ikakagua tena nchi nzima, safari hii ikizifungia shule 348 huduma ya bweni. Wakaguzi walioweza kugundua mabweni mabaya ya shule 348 katika wiki chache wangeweza kuyagundua mwaka mmoja kabla. Hili linaniuma kuliko jambo lolote katika habari hii.

Kwa TSC kuna pengo lingine, dogo kwa sura, baya kwa athari. Tume ina waraka, Nambari 3 wa 2010, unaowalinda wanafunzi dhidi ya dhuluma za kingono, na mwalimu anayepatikana na hatia hufutwa kwenye rejista. Adhabu hiyo ina maana kwa aliye ndani ya rejista. Mwongozo wa APBET, kwa kukubali kwamba asilimia 70 ya walimu wanaweza kuwa bado hawajasomea ualimu siku shule inaposajiliwa, ulitengeneza kundi la watu wazima wanaokaa na watoto siku nzima na ambao Tume haina jina la kuwafuta. Akifukuzwa Kiandutu leo, kesho anaweza kuandika barua ya kuomba kazi Kihunguro, Ruiru, na mwenye shule mpya hana mahali pa kuuliza.

Na hapo ndipo msimamizi wa mbali alipoingia. IFC ina ofisi huru ya kupokea malalamiko, CAO, iliyoanzishwa 1999, ambayo mtu yeyote anayeathiriwa na mradi anaweza kuiandikia. Aprili 2018 shirika la Kenya la kutetea haki, EACHRights, liliwasilisha malalamiko kwa niaba ya wazazi na walimu wa zamani wa Bridge kuhusu mazingira ya kazi, usajili na afya na usalama. Februari 2020 maafisa wa CAO walikuja Kenya kusikiliza. Walikuja kwa ajili ya mikataba ya kazi na majengo, na wakazi wakawaambia jambo jingine: watoto walikuwa wamedhulumiwa kingono na walimu. CAO haikusubiri malalamiko ya maandishi. Ilifungua uchunguzi kwa hiari yake.

Tazama kilichofanya kazi. Bodi ya Busia ilikuwa imepima walimu kwa vyeti na majengo kwa futi, kwa kuwa ndivyo fomu inavyotaka. CAO ilikaa na watu bila fomu, ikauliza maswali yasiyo na kisanduku cha kutia alama, na ndani ya ziara moja ikasikia jambo ambalo ukaguzi wa miaka haukulileta mezani. Ripoti yake ilipochapishwa Machi 2024 ilisema IFC ilishindwa kuchunguza na kusimamia ipasavyo hatari ya dhuluma kwa watoto katika uwekezaji huo. Benki ikaidhinisha mpango wa kuwasaidia manusura.

Lakini CAO haina mamlaka ya kufunga hata choo cha shule. Haimsimamii mwenye shule. Inamsimamia mwekezaji wake. Na Machi 2022, uchunguzi ukiwa bado unaendelea, IFC ilikuwa imeshauza hisa zake na kutoka. Aliyeona hakuwa na uwezo wa kufunga, na mwenye uwezo wa kufunga hakuwa ameona. Nchi ilikuwa na vipande vyote viwili vya usimamizi, ila vilikuwa mikononi mwa watu wasiozungumza.

Hapa sharti nieleze jambo linalowasumbua wakosoaji wa Bridge, nami nikiwemo. Mwaka 2022 watafiti, miongoni mwao Michael Kremer aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi 2019, walitoa utafiti uliowafuata zaidi ya watoto 10,000 wa Kenya waliokuwa wameomba ufadhili wa Bridge uliogawanywa kwa bahati nasibu. Kwa kuwa bahati ndiyo iliyoamua, ulinganisho ni wa haki. Baada ya miaka 2, mtoto wa shule ya msingi aliyepata nafasi alikuwa amejifunza karibu mwaka mmoja zaidi ya mwenzake aliyekosa. Siyo tofauti ya kupuuza. Anayesema shule hizo hazikufundisha kitu anapingana na ushahidi.

Ndiyo maana alama za mtihani pekee ni kipimo hatari cha uwajibikaji. Shule inaweza kumfundisha mtoto hesabu vizuri na wakati huohuo ikashindwa kumlinda. Msimamizi anayetazama kasoro moja hutoa hati safi kwa shule yenye kasoro nyingine. Na hata alama zenyewe katika mitaa yetu hazisomeki: shule ambayo haijasajiliwa kuwa kituo cha mtihani huwapeleka watahiniwa wake wakafanyie kwa jirani, na matokeo yao huhesabiwa kwa jirani. Afisa wa kaunti ndogo ya Ruiru akitaka kujua shule fulani imeshuka kiasi gani kwa miaka 3, mara nyingi takwimu hizo hazimo kwa jina la shule hiyo.

Marekani walijaribu njia tofauti. Tangu sheria ya Minnesota ya 1991, shule zao za mkataba hupewa fedha za umma na uhuru wa kujiendesha, kisha chombo kilichotoa mkataba huamua kuuhuisha au kuuacha ufe muda wake ukiisha. Faida yake ni kwamba mzigo wa kuthibitisha uko kwa shule. Bodi ya Busia ilibidi ithibitishe kortini kwa nini shule ifungwe. Huko shule hueleza kwa nini iendelee. Hata hivyo Ohio ilituonyesha tundu la mfumo huo: shule ya mtandaoni ya ECOT ilidai kuwa na wanafunzi 15,300 katika mwaka wa masomo wa 2015–16, jimbo lilipohesabu waliosoma kweli likathibitisha takriban 6,300, na shule ikafungwa Januari 2018 katikati ya mwaka wa masomo. Msimamizi wake alikuwa akilipwa sehemu ya fedha za shule aliyoisimamia. Wanafunzi wakizidi, naye anapata zaidi. Hatuhitaji kuiga hilo.

Tunachohitaji tayari tunakifanya, kwa watu wazima. Chuo Kikuu cha Mount Kenya, hapohapo Thika, kiliendeshwa kwanza kwa kibali cha muda kabla ya kupewa hati kamili Januari 2011. Chuo Kikuu cha Zetech cha Ruiru kilipita njia hiyohiyo. Kijana wa miaka 20 analindwa na ngazi za kibali. Mtoto wa miaka 6 wa mtaa wa pili anategemea bahati ya mkaguzi kupata mafuta ya gari.

Kiambu ingeweza kuanza bila kungoja Bunge. Bodi ya elimu na idara ya afya ya kaunti zingekubaliana kwenda ziara moja na kuandika ripoti moja. Ziara hiyo itenge saa moja ya kuongea na wazazi nje ya lango, mwenye shule asiwepo, kwa sababu ni kwa kuwasikiliza watu ndipo CAO ilipopata habari. Kila mtu mzima anayeingia darasani, mwenye cheti au asiye nacho, aandikwe kwa kitambulisho katika orodha ambayo shule jirani inaweza kuiuliza. Na kabla ya shule yoyote kufungwa, ripoti itaje shule zitakazowapokea watoto na nafasi ngapi kila moja inazo, maana kufunga bila orodha hiyo ni kuwahamisha watoto kutoka darasa bovu kwenda barabarani.

Mzazi naye ana chombo ambacho wachache wamekitumia. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inampa raia haki ya kuomba kumbukumbu zilizo mikononi mwa ofisi ya umma, na ripoti ya ukaguzi wa shule ya binafsi, ikishawekwa kwenye faili ya bodi, ni kumbukumbu ya namna hiyo. Ofisi ina siku 21 za kujibu. Habari ikihusu uhai wa mtu, saa 48. Ikinyamaza, malalamiko yanakwenda kwa Tume ya Haki ya Utawala. Barua haihitaji wakili: jina la shule, mtaa ilipo, na ombi la nakala ya ripoti ya mwisho ya ukaguzi pamoja na tarehe yake. Ipelekwe ofisi ya elimu ya kaunti ndogo, Thika au Ruiru, na mzazi abaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa, kwa sababu siku 21 zinahesabiwa kutoka muhuri huo.