Fundi Mchungua Mianya

Katika mafundi wote wa zama hizi za kompyuta, hakuna ninayemstahi kuliko yule ambaye, tovuti ikiisha kujengwa na kupambwa hata wenyewe wakaishangilia, huketi peke yake kuhakiki kwamba siri za waliojiandikisha humo hazivuji.

Nimepata kumtazama binti mmoja akiifanya kazi hiyo katika tovuti ya biashara. Alijifungulia akaunti mbili za wanunuzi wawili. Akaingia kwa ya kwanza, akafungua risiti yake, kisha katika anwani iliyo juu ya kivinjari akafuta nambari ya risiti ile na kuandika ya mnunuzi wa pili, akangoja. Akakataliwa, nami nikadhani kazi imekwisha. Walakini aliendelea kuuliza swali lile lile kwa kila njia, kwa programu ya simu, kwa kiungo cha kupakulia, hata baada ya kujitoa katika akaunti. Hatimaye akafungua jibu ghafi linalotoka katika seva, ambalo mtumiaji wa kawaida halioni, akalisoma mstari kwa mstari. Na ilhali skrini ilionyesha jina la muuzaji tu, humo mlikuwa na nambari yake ya simu na tarehe yake ya kuzaliwa, ambazo hakuna aliyeziomba. Akaandika taarifa, bila kelele.

Saburi ya namna hii aghalabu haithaminiwi. Rangi na nembo hujadiliwa kwa majuma, na uhakiki huachiwa jioni ya mwisho kabla ya uzinduzi.

Mwaka 2019, huko Marekani, ilidhihirika kwamba kampuni ya First American, yenye kutoa bima za milki za nyumba, imeacha wazi takriban hati milioni 885, nyingine za tangu mwaka 2003, zenye nambari za akaunti za benki na habari za kodi. Na aliyetaka kusoma ya mwenziwe hakuhitaji neno la siri, ila kubadili tarakimu katika anwani. Linalosikitisha zaidi ni kwamba uhakiki wa kampuni yenyewe ulikwisha kuufichua ufa huo miezi kadhaa kabla, usizibwe mpaka mwandishi wa habari Brian Krebs alipouliza mwezi wa Mei. Ustadi ulikuwapo, waliokosekana ni wasikilizaji.

Nawasihi basi wote wanaopokea majina na simu za watu kwa amana: taarifa ya fundi huyu isomwe na mkubwa mwenyewe, na uzinduzi ungoje.