Kuutoa Mfuko wa Nyongo

Mfuko wa nyongo ukishabanduliwa kwenye ini, upasuaji wa matundu madogo haujaisha. Mfuko wenyewe, pengine umevimba na kujaa mawe, ungali tumboni, na njia ya kuutolea ina upana wa milimita 10 hivi. Tangu daktari mpasuaji Erich Mühe aufanye upasuaji huu kwa mara ya kwanza mjini Böblingen, Ujerumani, mwaka 1985, sifa humwendea anayekata na kubana mishipa. Hatua ya kutoa hupitiwa juu juu, ilhali maumivu ya kidonda, usaha na ngiri hutegemea sana hapo.

Mfuko hutolewa kitovuni au kwenye chembe cha moyo. Kitovuni ukuta wa tumbo ni mwembamba na tundu hupanuka kwa urahisi. Baadhi ya majaribio yameona wagonjwa wakiumia kidogo zaidi, mengine hayakuona tofauti. Lakini wembamba huohuo ndio unaoalika ngiri. Chembeni kamera iliyopitishwa kitovuni haihamishwi, ila njia ni nene na mfuko hukwama.

Ukikwama, fundi hodari havuti. Huitoa shingo ya mfuko juu ya ngozi, akaipasua, akanyonya nyongo, kisha akayavunja mawe kwa koleo na kuyatoa vipande vipande, akiuzungusha mfuko taratibu kama mkunga na kichwa cha mtoto. Mwenye pupa huupasua ndani, mawe yakatawanyika. Mengi hukaa bila kudhuru, lakini moja lililosahauliwa huweza kuzua jipu miezi au miaka baadaye. Kwa hiyo kila linaloonekana huokotwa na tumbo huoshwa.

Wengine huutia mfuko kwanza katika kifuko cha plastiki. Pasipo cha kununua, glovu safi ya upasuaji, ikikatwa vidole na kufungwa upande mmoja, hufanya kazi hiyohiyo, na ubunifu huo haustahili kudharauliwa. Kwa mfuko usio na uvimbe wala tundu, majaribio hayajaonyesha wazi kwamba kifuko hupunguza usaha. Mfuko uliooza, uliopasuka au unaoshukiwa saratani ni habari nyingine: seli za saratani huweza kujipandikiza kwenye tundu lenyewe.

Mwishoni utando wa tundu lililopanuliwa hushonwa kwa uangalifu, na mfuko hupelekwa maabara, kwani saratani nyingine hugunduliwa huko tu.