Hesabu ya Jua katika Milima ya Shimba

Vitabu vingi vya kupima mwanga wa jua katika nchi za milima vimeandikwa na watu wa Ulaya, ambako jua halifiki utosini hata siku moja ya mwaka, na kwa sababu hiyo husisitiza kwamba mteremko uelekeao kusini ndio wenye neema na ule wa kaskazini ndio wenye kivuli. Kanuni hiyo ikiletwa Kwale, yapata digrii nne na robo kusini ya ikweta, haisimami. Kwani karibu na tarehe 10 Machi, na tena karibu na tarehe 4 Oktoba, jua huvuka utosi wa Milima ya Shimba na kuhamia upande wa pili.

Msingi wa hesabu ni ramani ya miinuko. Mwezi wa Februari mwaka 2000 chombo cha anga Endeavour kiliizunguka dunia kwa siku 11 kikiipima ardhi kwa rada, na tuliyoyapata ni miraba yenye upande wa mita 30 hivi, kila mmoja ukiwa na kimo chake tu. Kimo peke yake hakisemi lolote mintarafu ya jua. Lakini programu ikiulinganisha mraba na jirani zake wanane, hupata ukali wa mteremko na upande unaouelekea, na hayo yakikutanishwa na mahali pa jua kwa siku na saa maalumu, hupatikana pembe baina ya shuaa na mstari uliosimama wima juu ya uso wa mteremko, ambayo kosaini yake ndiyo sehemu ya nguvu inayoufikia mraba ule. Ndivyo ifanyavyo programu iitwayo r.sun, waliyoieleza Hofierka na Šúri mwaka 2002, ambayo aidha huangalia kama kilima cha jirani kinalikinga jua.

Tuchukue miteremko miwili ya digrii 20. Adhuhuri ya tarehe 21 Juni, ule wa kaskazini hupokea asilimia 99 ya miali ya moja kwa moja, na wa kusini 67. Desemba wa kusini hupokea takriban yote, na wa kaskazini 77 na nusu. Na maadamu jua hukaa kaskazini yetu siku 208 hivi na kusini 157, hesabu ya mbingu safi huupa mteremko wa kaskazini fadhila ya mwaka mzima.

Hapo ndipo mtu wa pwani hii ana haki ya kuihoji ramani. Fadhila hiyo imeandikwa katika miezi ambayo masika hunyesha na kusi hupandisha unyevu wa bahari hadi vileleni ukawa mawingu na ukungu. Na mawingu yakitanda, mwanga hautoki tena upande mmoja, bali hutawanyika mbingu nzima, na tofauti baina ya miteremko hufifia. Januari na Februari, kaskazi ikivuma na anga ikiwa wazi zaidi, jua liko kusini, na miali yake huwafikia walio upande huo bila kizuizi. Kadhalika programu huzihesabu asubuhi na alasiri kuwa sawa, ilhali katika milima yetu mirefu mawingu ya alasiri huzinyima pande za magharibi jua lao. Kwa hiyo naona ni kosa kubwa kuikokotoa Shimba kwa mbingu safi ya mwaka mzima. Kila mwezi shurti upewe mawingu yake.

Kuna na msitu. Rada ile haikufika chini ya miti ya misitu ya Longomwagandi na Makadara katika milima hii, bali aghalabu ilirudi kutoka kwenye matawi. Basi pale msitu wenye kimo cha mita 15 unapopakana na nyasi, ramani huonyesha mteremko wa digrii 14 hivi katika ardhi iliyo tambarare, na programu huugawia jua kwa uaminifu mteremko usiokuwapo. Bonde la maporomoko ya Sheldrick nalo hufutika, kwa kuwa maporomoko yenyewe kimo chake hakifiki hata upana wa mraba mmoja. Atakaye kujua maji kiasi gani hupotea kwa jua juu ya chemchemi za Marere, zinywewazo mpaka Mombasa, na aondoe kwanza kimo cha miti katika ramani, kisha aanze na mwezi wa Januari.