Kile kikaratasi cha ndani ya kartoni la ruta

Wandugu, huku tunachambuaka vitabu, nyimbo na filamu. Leo ninaleta andiko ambalo wengi wetu tulisha kulishika mikononi na hakuna mtu analihukumu: kile kikaratasi kilichokunjwa mara nne, kinachokuja na ruta mpya. Michoro mitatu, Kifaransa kidogo, Kiingereza kidogo, na ahadi kubwa: dakika chache tu na nyumba yote itakuwa kwenye intaneti.

Ninakihukumu sababu kinatukulia franka. Hapa Bukavu, katika nyumba za kupangisha, watu sita ao saba tunachangia konekisio moja. Ruta ya zamani inakufa, tunanunua ingine, tunafuata michoro, taa zinawaka kijani, na hakuna ukurasa unaofunguka. Mwenye kuwa na dosie ya bursa inayofungwa kesho usiku anaanza kununua mega kwa simu. Kisha fundi anakuja, anabonyeza dakika tano, anaomba pesa ya safari na ya kazi, anaenda bila kueleza kitu.

Mchoro wa kwanza ndio mubaya kuliko yote. Unaonyesha modemu karibu na ukuta na waya wa simu. Wengi wetu hatuna hiyo. Kwetu kuko antene juu ya mabati, waya mmoja unashuka na kuingia katika kisanduku kidogo cha umeme chenye matundu mawili, moja limeandikwa POE, lingine LAN. Tundu la POE linapanda kwa antene, sababu linapeleka umeme na intaneti kwa waya ule ule. Lile la LAN ndilo linakuja kwa ruta. Kikaratasi hakitaji kisanduku hicho hata mara moja. Ukigeuza nyaya, antene inakosa umeme. Na kuko visanduku vinavyotuma umeme bila kujua kifaa gani kiko mbele, vinaweza kuunguza ruta uliyonunua jana.

Mchoro wa pili niusifu. Tundu la WAN limepewa rangi yake, liko mbali na mengine, hata mtoto analiona. Lakini hausemi kwa nini. Ukichomeka waya wa antene kwa LAN, na antene yenyewe inagawa anwani, mnakuwa na wagawaji wawili ndani ya nyumba moja. Simu moja inapata intaneti, nyingine inakosa, na watu wanaanza kusingiziana kwamba fulani anakula mega zote!

Mchoro wa tatu ni taa ya kijani. Taa ya Wi-Fi inasema tu kwamba ruta inatangaza jina lake hewani. Kama intaneti ilifika kutoka kwa antene, hiyo taa haijui.

Na ikikataa? Hapo kuko mistari miwili: zima, washa tena, ikishindikana, ingiza sindano katika tundu la reset. Hilo shauri la pili ni hatari. Makampuni mengi yanaingiza mteja kwa PPPoE, yaani ruta inapashwa kutoa jina na neno la siri mbele ya kupewa njia. Reset inafuta vyote viwili. Kama hakuna mtu aliyeviandika, mmetoka kwenye shida ndogo na kuingia kwenye kubwa. Kuko pia makampuni ambayo mtambo wao unakumbuka namba ya MAC ya ruta ya zamani na unakataa mgeni. Hapo hata ukizima mara mia, hakuna kitu. Dawa ni kuwapigia waandike namba mpya, ao kuingiza ile ya zamani katika ukurasa wa ruta. Imeandikwa chini ya ile iliyokufa, kwa hiyo musiitupe haraka.

Mtu atasema karatasi ni ndogo na imetengenezwa kwa dunia nzima. Sawa. Lakini swali moja tu lingeingia: safari inakatikia wapi? Tazama anwani ya kompyuta. Ikianza na 169.254, kompyuta imejipa yenyewe sababu hakuna aliyeijibu, basi shida iko kati yako na ruta. Ikianza na 192.168, ita ruta kwa ping, kisha ita 8.8.8.8. Ruta inajibu na 8.8.8.8 iko kimya? Tazama waya wa WAN, PPPoE, MAC. Angalia pia kama antene na ruta zote mbili zinatumia 192.168.1, hapo ruta haijui upande gani wa kutuma, na kuibadilisha iwe 192.168.5.1 kunatosha. Kama 8.8.8.8 inajibu lakini kurasa hazifunguki, ni DNS, na hiyo inarekebishwa bila fundi. Haya yote yanaingia katika nusu ukurasa, na kikaratasi kimepata nafasi ya onyo la kutokuweka ruta ndani ya maji.

Kwetu tulibandika karatasi yetu ukutani: jina la PPPoE, namba mbili za MAC, simu ya kampuni, na mchoro wa kisanduku chenye POE na LAN, umechorwa kwa biki. Neno la siri liko kwa mwenye nyumba.