Sentimita Mbili za Ubao: Kufunga Injini kwenye Boti Nyepesi ya Ziwa Nyasa

Boti ndogo ikikataa kukimbia, lawama ya kwanza huiangukia injini: ni ndogo, iuzwe, itafutwe ya farasi 40. Ushauri huo ni wa gharama, na mara nyingi hautibu kitu. Injini ya farasi 40 ya mipigo miwili ina uzito unaozidi kilo 70, na uzito huo wote unakwenda kukaa palepale ugonjwa ulipo, nyuma kabisa ya boti. Hapa nachambua namna injini ya kupachika ya farasi 15 inavyofungwa kwenye boti ya faiba ya mita nne na kidogo, kwa maji ya Mbamba Bay, Liuli na vijiji vya mwambao huu wa Ruvuma. Kimo cha injini, mwinamo wake na mahali anapokaa nahodha huwa vimeamua mengi kabla nguvu haijaulizwa.

Tuanze na mizani. Chukua boti tupu ya kilo 130. Injini ya farasi 15 ya mipigo miwili, zile Yamaha ambazo wavuvi wa Afrika Mashariki wamezizoea, ina kilo 36 hivi. Tangi la lita 24 likijaa petroli linazidi kilo 20. Nahodha ana kilo 70. Ukijumlisha unapata karibu kilo 130, yaani umeipachika boti ya pili ndani ya mita moja ya nyuma ya boti ya kwanza. Injini aliyoanza kuiuza Ole Evinrude kule Marekani mwaka 1909 ilitoa farasi moja na nusu kwa uzito wa kilo 28. Zaidi ya miaka mia imeongeza nguvu mara kumi, lakini mzigo wa ubao wa nyuma haujapungua.

Matokeo yake yanaonekana mara tu unapovuta mafuta. Boti ya aina hii haikusudiwi kulima maji kama mtumbwi. Inatakiwa ipande wimbi lake yenyewe, ilivuke, kisha iteleze juu ya maji ikiwa imegusa kwa theluthi ya nyuma tu. Tezi likiwa zito, boti inakwama mgongoni mwa wimbi hilo. Omo inaelekea mawinguni, nahodha haoni mbele, injini inanguruma kwa nguvu zote na mwendo ni wa baiskeli. Petroli inaungua maradufu bila faida.

Dawa yake haihitaji duka kubwa. Tangi linahamishiwa mbele ya benchi la kati kwa mpira mrefu zaidi wa mafuta, ule wenye pampu ya mkono, na linafungwa kwa kamba lisitembee. Kisha mkono wa injini unaunganishwa na kipande cha bomba la plastiki gumu au la alumini, sentimita 60 au 70, kilichokazwa kwa vibano viwili, ili nahodha asogee mbele akae karibu na katikati. Kilo 90 zimehama tezi kwa gharama ya bomba na mpira. Watu wengi huona aibu kuendesha boti kwa bomba, wakidhani linaonekana la kimaskini. Waangalie baadhi ya mashindano ya boti ndogo: waendeshaji hupiga magoti katikati ya boti, mkono nyuma, kwa sababu hiyohiyo.

Kipimo cha kimo hufanywa kabla hata ya kununua. Injini hizi huuzwa zikiwa na mguu mfupi au mguu mrefu. Mfupi umekusudiwa ubao wa nyuma wenye kimo cha sentimita 38 hivi, mrefu sentimita 51. Kimo hicho hupimwa wima, kutoka ukingo wa juu wa ubao mpaka chini ya boti, si kwa kufuata mlalo wa ubao wenyewe. Muuzaji aliyebakiwa na mguu mrefu atakwambia haidhuru. Inadhuru sana: sentimita 13 za chuma zisizohitajika zinaburuzwa majini, maji yanarushwa juu ya tezi, na kwa kuwa panga linasukuma kutoka chini zaidi, linazidi kuinua omo ambayo tayari ilikuwa juu.

Juu kidogo ya panga pana bamba lililolala, na bamba hilo ndilo alama ya kazi yote. Kazi yake ni kuzuia panga lisinyonye hewa kutoka juu ya maji. Weka ubao ulionyooka chini ya boti, uutokeze nyuma mpaka kwenye injini, halafu linganisha: bamba lianze likiwa sawa na chini ya boti. Kutoka hapo unapandisha injini kwa vibao vya mninga vya sentimita mojamoja, ukivipachika juu ya ubao wa nyuma, na kila mara unakwenda kujaribu majini. Kila sentimita inayotoka majini inapunguza mburuzo, na boti inaitikia. Ukifika mahali ambapo kwenye kona injini inapiga kelele ghafla huku mwendo ukianguka, panga limekamata hewa; shuka kibao kimoja. Wakati wote angalia ule uzi wa maji unaotoka nyuma ya injini. Ukikatika, matundu ya maji ya kupooza yamebaki hewani, na hapo mjadala wa kasi unakwisha.

Mpaka hapa ni mafundisho ya kitabu chochote. Lakini vitabu hivyo huandikwa kwa maji yaliyotulia. Ziwa Nyasa lina urefu wa kilomita 580 hivi, limelala kaskazini kwa kusini, na mwera, upepo wa kusini wa kuanzia Mei hadi Agosti, unalipuliza kwa urefu huohuo. Mawimbi yake huja yamebanana, na boti nyepesi inayoyaparamia hubaki na tezi hewani mara kwa mara. Kibao cha sentimita mbili kilichokupa mwendo mzuri asubuhi tulivu ya Machi kitakunyima mwendo wote Julai, tena mahali ambapo hutaki injini ikose maji ya kusukuma. Kwa mwambao huu naona ni busara bamba libaki sawa na chini ya boti, au juu yake kwa nusu sentimita tu, na kasi kidogo iachwe iende. Anayetaka mbio za kiangazi na za masika awe na kibao cha kuchomoa.

Mwinamo nao una siasa ya upepo. Injini ndogo hazina swichi ya kuinua. Zina pini inayopita katika matundu machache kwenye kishikizo. Pini ikisogezwa karibu na boti, panga linarudi ndani na omo inashuka. Ikisogezwa nje, omo inapanda. Kanuni ni kwamba boti ikishateleza, panga lisukume sambamba na chini ya boti. Likitoka nje kupita kiasi, omo huanza kupanda na kushuka yenyewe hata kwenye maji laini. Likiingia ndani kupita kiasi, omo inachimba na usukani unakuwa mzito na mkali.

Sasa fikiria safari ya kutoka Mbamba Bay kwenda Liuli, zaidi ya kilomita 20 kuelekea kaskazini. Wakati wa mwera unakwenda na mawimbi mgongoni. Omo ikichimba katika mgongo wa wimbi la mbele, boti nyepesi inaweza kugeuka ubavu kabla hujasema lolote. Pini iwe tundu moja nje. Kurudi kusini unayapokea mawimbi usoni, na omo iliyo juu itapigwa na upepo ikupigishe mgongo kwenye benchi; pini irudi tundu moja ndani. Ni kazi ya dakika moja, injini ikiwa imezimwa, na Liuli ni mahali pazuri pa kuifanya. Hii ndiyo bandari ambayo Wajerumani waliiita Sphinxhafen kwa sababu ya mwamba wake, na ambako Agosti 1914 meli yao Hermann von Wissmann ilikutwa nchi kavu ikitengenezwa wakati Gwendolen ya Waingereza ilipotokea na mzinga. Matengenezo yafanywe, ila ziwa liangaliwe.

Kuhusu panga, hesabu yake iko wazi kuliko watu wanavyodhani. Injini ya farasi 15 ya aina niliyotaja hutakiwa kufika kati ya mizunguko 4,500 na 5,500 kwa dakika mafuta yakiwa yamefunguliwa yote, na gia zake hupunguza mzunguko kwa mara mbili na kidogo. Kwa mizunguko 5,000, panga linazunguka mara 2,400 hivi. Panga la hatua ya inchi 10 lingesonga sentimita 25.4 kila mzunguko kama maji yangekuwa kitu kigumu, sawa na kilomita 36 au 37 kwa saa. Ondoa sehemu ya tano kwa mtelezo wa kawaida, unabaki na 29 hivi. Huo ndio mwendo wa halali wa boti hii. Anayekuahidi 50 kwa injini hiyo anauza maneno.

Kipima mizunguko kidogo, kile cha waya unaoviringishwa kwenye waya wa plagi, kinamaliza ubishi. Pakia mzigo wako wa kawaida, fungua mafuta yote, soma. Kikikuonyesha 4,200, hatua ya panga ni kubwa mno kwa mzigo huo. Inchi moja pungufu huongeza mizunguko karibu 200, kwa hiyo panga la inchi 8 ndilo linalofaa. Nahodha hupenda kuchagua panga akiwa peke yake, boti nyepesi, rafiki akimpigia picha ufukweni. Boti za hapa huondoka na mtu mmoja na kurudi na wanne pamoja na ndoo za dagaa. Panga lichaguliwe kwa safari ya kurudi. Injini inayolemewa siku nzima chini ya mizunguko yake inapata joto, inajaza masizi na kufa mapema. Inayozidisha kidogo boti ikiwa tupu inahitaji tu mkono ulegeze mafuta.

Kuna jambo jingine linalopunguza nguvu bila mtu kuliona. Ziwa liko mita 474 hivi juu ya usawa wa bahari, na hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 5, hivyo farasi 15 za kwenye karatasi zinakaribia 14. Mbinga mjini ni juu zaidi, milimani, kupita mita 1,000. Mbamba Bay ilikuwa ndani ya Wilaya ya Mbinga mpaka Wilaya ya Nyasa ilipoanzishwa mwaka 2012, na hata leo injini hupelekwa huko kwa mafundi wazuri wa pikipiki. Fundi akiijaribu ndani ya pipa la maji ataona inavuta mafuta mengi mno, ataipunguzia kwa skrubu ya kabureta mpaka itulie. Ikishushwa ziwani, kwenye hewa nzito zaidi, mafuta hayatoshi: inazimika ikiwa polepole na inasita unapovuta ghafla. Skrubu hiyo irekebishwe ufukweni.

Kwenye maji baridi hakuna chumvi ya kula chuma, lakini mchanga wa fukwe hizi unakula pampu ya maji ya kupooza. Isiwashwe kwenye maji ya magotini. Piga kafi kwanza.

Vibano vya injini vikazwe tena baada ya safari ya kwanza, kwa sababu mbao mpya hunywea, na injini ifungwe mnyororo mfupi kwenye pete ya ndani ya boti. Ziwa hili linafika kina cha mita 700 hivi, hakuna mzamiaji atakayekurudishia. Kamba ya kuzimia nayo iwe mkononi au mguuni, na mwenye bomba refu ahakikishe inamfikia alipokaa, kwani kamba ya kiwandani imepimwa kwa mtu aliyekaa nyuma. Boti ya kilo 130 iliyomwangusha nahodha wake haisimami. Injini inajikunja upande mmoja na boti inazunguka kurudi pale alipo, panga likiwa bado linazunguka.